Kutafuta Ukoo wa Cherokee Ukiwa Tanga: Tathmini ya Huduma za Bure na za Kulipia

Huduma ninazozitathmini hapa ni faharasa ya Orodha ya Dawes (daftari la zamani la serikali ya Marekani lililoandika raia wa Cherokee na wa mataifa mengine manne ya wenyeji) inayotolewa na Jumuiya ya Kihistoria ya Oklahoma, katalogi ya Nyaraka za Taifa za Marekani, tovuti ya FamilySearch, pamoja na zile kampuni zinazouza miti ya ukoo na vipimo vya DNA. Nimezitumia zote nikiwa nyumbani Ngamiani, hapa Tanga, kwa ajili ya mkwe wangu, mume wa binti yangu, aliyezaliwa Oklahoma katika familia ya Wamarekani weusi ambao bibi zao hawakuacha kusema kwamba wao pia ni watu wa Cherokee, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Marekani. Wajukuu zangu wana haki ya kuujua upande wa baba yao kama wanavyoujua upande wa mama yao, na kwa kuwa nilitumikia masjala ya serikali mpaka nilipostaafu, kazi ya kufuatilia majalada iliangukia mikononi mwangu na nikaipokea kwa moyo wote. Kipimo changu katika kuzihukumu huduma hizi ni kimoja: je, inanifikisha kwenye karatasi yenyewe iliyoandikwa wakati ule, au inanipa tu maneno ya mtu mwingine kuhusu karatasi hiyo?

Anayeanza kazi hii ajue kwanza kwamba Cherokee si kabila tu kwa maana ya watu wenye lugha na desturi moja. Ni mataifa yenye serikali, mahakama na daftari la raia, na serikali ya Marekani inayatambua matatu. Mawili yana makao yake Tahlequah, katika jimbo la Oklahoma: Cherokee Nation, yenye raia zaidi ya 450,000, na United Keetoowah Band. La tatu ni Eastern Band, wazao wa wale waliobaki katika milima ya North Carolina. Kila taifa lina sharti lake. Cherokee Nation haidai kiwango chochote cha damu, bali inamtaka mwombaji athibitishe kuwa ametokana moja kwa moja na mtu aliyeandikwa katika Orodha ya Dawes. Eastern Band inataka mhenga aliyemo katika Orodha ya Baker ya mwaka 1924 na angalau sehemu moja ya kumi na sita ya damu, na Keetoowah wanataka robo. Kwa hiyo mtu hawezi kuuliza kwa jumla tu kama wazee wake walikuwa Cherokee. Lazima aulize walikuwa wakiishi wapi, katika mwaka gani, na aliyewaandika alikuwa nani.

Sababu ya kuwapo kwa orodha nyingi kiasi hiki ni ya uchungu, na bila kuijua mtu hawezi kujua ni huduma gani itamfaa. Mwaka 1830 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji wa mashariki, na mwaka 1835 kikundi kidogo cha Cherokee kilitia saini Mkataba wa New Echota bila idhini ya serikali yao. Mwaka huohuo watu walihesabiwa, na hesabu hiyo ndiyo inayoitwa Orodha ya Henderson. Mwaka 1838 na 1839 watu wapatao 16,000 waliondolewa kwa nguvu na kupelekwa magharibi ya mto Mississippi katika safari iliyokuja kuitwa Njia ya Machozi, na inakadiriwa kuwa 4,000 kati yao walipoteza maisha. Baada ya hapo kila malipo na kila mgogoro ulizaa orodha yake: Mullay mwaka 1848, Siler mwaka 1851 na Chapman mwaka 1852 kwa waliosalia mashariki, na Drennen mwaka 1851 kwa waliofikishwa magharibi. Hatimaye mwaka 1893 iliundwa tume iliyoongozwa na Henry L. Dawes, kwa lengo la kuvunja umiliki wa pamoja wa ardhi na kumkatia kila mtu kipande chake. Tume hiyo ilishughulikia mataifa matano, Cherokee wakiwa mojawapo. Waombaji walizidi 250,000, na walioandikwa katika orodha za mwisho ni zaidi ya 101,000. Karatasi hizi, basi, zilitengenezwa kwa ajili ya kugawa ardhi na si kwa ajili ya kutunza ukoo, na ndiyo maana zinaeleza mengi juu ya haki ya mtu na machache juu ya maisha yake. Sisi wa Tanga, ambao wengi wetu ni wajukuu wa manamba walioletwa kwenye mashamba ya mkonge na kutambuliwa kwa vipande vyao, yaani kadi zao za kazi, hatuhitaji maelezo marefu ili kuielewa hali hiyo.

Huduma ya kuifungua kwanza ni faharasa ya Jumuiya ya Kihistoria ya Oklahoma. Haidai malipo. Unaandika jina la ukoo, unachagua taifa, na unapata orodha ya watu pamoja na umri, jinsia, kundi waliloandikwa na namba zao. Namba zenyewe ni za aina mbili, na anayezichanganya atapoteza muda mwingi: namba ya kadi ni ya kaya nzima, ilhali namba ya orodha ni ya mtu mmoja mmoja. Namba ya kadi ndiyo yenye thamani kubwa zaidi kwa mtafutaji, kwa sababu inakuonyesha nani alisimama na nani mbele ya makarani wa tume. Nashauri pia kutafuta kwa jina la kwanza na umri iwapo jina la ukoo halionekani, maana makarani waliandika majina jinsi masikio yao yalivyoyasikia, na herufi moja iliyobadilika inatosha kukufichia familia nzima.

Hata hivyo faharasa ni faharasa. Inakuambia kwamba kuna mtu mwenye jina fulani na umri fulani, lakini haikuambii kwamba mtu huyo ni wako. Kuna majina yaliyoenea mno miongoni mwa Cherokee, Vann na Ross yakiwemo, na familia nyingi za watu weusi ziliyabeba majina hayo kwa sababu wazee wao walimilikiwa na watu wa koo hizo. Kukuta jina la ukoo wako katika orodha ni mwanzo wa kazi tu. Ninaipa huduma hii alama za juu kwa wepesi na kwa kutodai chochote, lakini anayeishia hapo hajafika popote.

Katalogi ya Nyaraka za Taifa za Marekani ndiyo iliyotupatia karatasi yenyewe, na ndiyo huduma ninayoithamini kuliko zote. Nayo ni ya bure, na haikulazimishi kufungua akaunti ili kutazama. Humo zimo picha za kadi za uandikishaji na majalada ya maombi ya mataifa yote matano. Asili zake zinatunzwa Fort Worth, Texas, katika kundi la kumbukumbu namba 75, ambalo ni la idara inayosimamia mambo ya wenyeji wa Marekani. Mtu aliyewahi kufanya kazi masjala atajisikia nyumbani: kila kitu kina kundi, mfululizo na namba, na ukishaelewa mpangilio hupotei.

Kadi ya familia ya mkwe wangu ni karatasi moja pana iliyopigwa mistari. Juu yake kuna anwani ya posta, na chini yake majina ya wanakaya kwa mpangilio: baba, mwenye umri wa miaka 47, mkewe, kisha watoto. Binti mdogo, mwenye umri wa miaka mitatu, ndiye aliyekuja kuwa mama mzazi wa bibi yake mkwe wangu, yule bibi aliyesimulia habari hizi mpaka kufa kwake. Mbele ya kila jina pameandikwa uhusiano na mkuu wa kaya, umri na jinsia, na kwa wazazi limeandikwa jina la mtu aliyekuwa akiwamiliki. Kadi hii ni ya kundi la Walioachwa Huru, yaani watu weusi waliokuwa watumwa wa Cherokee pamoja na wazao wao. Jina la mtoto mmoja limekatwa kwa mstari wa wino, na pembeni karani ameandika kwamba alifariki kabla ya tarehe 1 Septemba 1902. Hiyo ndiyo siku iliyowekwa na sheria kuwa kigezo kwa Cherokee: aliyekuwa hai siku hiyo alistahili kuandikwa na kupewa ardhi, na aliyetangulia hakustahili. Mtoto yule hakupewa namba ya orodha, kwa hiyo hayumo katika orodha ya mwisho na hakuna faharasa ya orodha hiyo itakayomtaja. Ni kadi pekee iliyomhifadhi. Binti yangu aliomba jina lake liandikwe katika ukoo wa watoto wake pamoja na ndugu zake, nami nimeliandika.

Hapa ni lazima nieleze juu ya Walioachwa Huru, kwa kuwa tathmini nyingi za huduma hizi huwataja kwa mstari mmoja na kupita. Cherokee waliokuwa na uwezo walimiliki watumwa weusi, na baadhi yao waliwachukua watumwa hao pamoja nao kwenye Njia ya Machozi. Serikali ya Cherokee ilifuta utumwa mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na mkataba wa mwaka 1866 ukawapa walioachwa huru na wazao wao haki zote za raia wa Cherokee. Tume ya Dawes iliwaandika katika orodha yao ya pekee, watu zaidi ya 4,900 pamoja na watoto, na hawakuandikiwa kiwango cha damu, hata wale waliokuwa na mzazi au babu Cherokee. Uamuzi huo wa makarani uliwaumiza wazao wao karne nzima baadaye. Mwaka 2007 raia wa Cherokee Nation walipiga kura kubadili katiba ili uraia uwe wa wenye wahenga walioandikwa kwa damu, na wazao wapatao 2,800 wakaondolewa. Tarehe 30 Agosti 2017 mahakama ya shirikisho mjini Washington iliamua kwamba mkataba wa mwaka 1866 bado una nguvu, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Cherokee Nation ikaamuru maneno yanayohusu damu yafutwe katika sheria za taifa hilo. Leo mzao wa mtu aliyeandikwa katika kadi kama ile ya kwetu anaweza kuomba uraia sawa na mzao wa mtu mwingine yeyote aliyemo katika Orodha ya Dawes.

Huku mwambao wetu, kuanzia Pangani mpaka Moa, asili ya utumwa ni jambo ambalo wazee wengi walilifunika na kwenda nalo kaburini, na familia zikatungiwa nasaba nyingine. Mkwe wangu hakutaka hivyo. Alisema, "Baba, andika jina la aliyewamiliki pia, watoto wajue." Nilikubaliana naye, na nasema wazi kwamba huduma inayomwonyesha mtu safu hiyo ya kadi bila kuipamba wala kuificha imemtendea haki.

Baada ya kadi lifungue jalada la maombi, ambalo katika katalogi hiyohiyo limewekwa chini ya namba ileile ya kadi. Ndani yake kuna mahojiano yaliyochukuliwa kwa kiapo na kupigwa chapa, swali kwa jibu. Kwa Walioachwa Huru swali zito lilikuwa la kurudi. Mkataba uliwapa haki wale waliokuwa wakiishi katika nchi ya Cherokee au waliorejea katika muda wa miezi 6, na wakati wa vita wengi walikuwa wamekimbilia Kansas au wamepelekwa kusini na wamiliki wao. Basi mzee wetu aliulizwa alikuwa mtumwa wa nani, vita vilimkuta wapi, nani alimtoa, alirudi na nani, na mahindi yalikuwa yamefikia wapi shambani aliporudi, maana hakujua tarehe. Jirani aliitwa kuthibitisha. Kwa mtafutaji, kurasa hizo chache zina ndugu, majirani, mito na vijiji ambavyo haviwezi kupatikana mahali pengine, kwa sababu Oklahoma ilianza kuandikisha vizazi na vifo mwaka 1908 tu, baada ya kuwa jimbo mwaka 1907, na sehemu kubwa ya sensa ya mwaka 1890 iliharibika kwa moto. Ambaye mhenga wake alikataliwa pia asikate tamaa: ziko kadi za wenye shaka na za waliokataliwa, na mara nyingi majalada yao ni manene zaidi kwa sababu mabishano yalikuwa marefu.

Jambo moja linahitaji uangalifu wa pekee. Kwa desturi ya Cherokee mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na koo zao ni saba, zikiwemo za Mbwa Mwitu, Paa na Ndege. Msomaji Mdigo hatashangaa, kwa kuwa wazee wake nao walihesabu urithi kwa upande wa mama. Lakini makarani wa Dawes walimweka mume kuwa mkuu wa kaya na wakawapa watoto jina lake, wala hawakuwa na safu ya ukoo wa mama. Anayefuata majina ya ukoo peke yake katika karatasi hizi atakuwa anafuata baba tu, na nusu ya watu wake itabaki nje. Afuate majina ya mama yaliyo upande wa wazazi katika kadi, kisha ayatafute katika orodha za Cherokee za miaka ya 1880 na 1896, ambazo tume yenyewe ilizitumia kuhakikisha madai ya waombaji.

FamilySearch inamilikiwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na chimbuko lake ni chama cha nasaba kilichoanzishwa Utah mwaka 1894. Haina malipo, ila inahitaji ufungue akaunti. Nguvu yake ni wingi wa kumbukumbu zilizokusanywa mahali pamoja: unaweza kutoka kwenye kadi ya Dawes, ukaenda kwenye sensa ya mwaka 1900, ambayo ilikuwa na fomu maalumu kwa ajili ya wenyeji wa Marekani, ukafika hadi sensa ya mwaka 1950, yote kwa jina moja la kutafutia. Ipo pia hesabu ya watumwa ya mwaka 1860, ambayo kwa nchi za wenyeji zilizo magharibi ya Arkansas inamtaja mmiliki kwa jina, na watumwa wake kwa umri, jinsia na rangi tu. Kwa kuwa kadi ya Dawes ilikuwa imetupatia jina la mmiliki, tuliweza kufungua ukurasa wake na kuona humo mtoto wa kiume mwenye umri unaokaribiana na wa mzee wetu. Siwezi kuapa kwamba ndiye, na sikumwandika kuwa ndiye. Nimeandika tu kwamba ukurasa upo na unasema hivyo.

Upande wa FamilySearch unaohitaji tahadhari ni mti wa pamoja, ambao mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuubadilisha. Utaratibu huo una faida yake, kwani ndugu walio mbali huweza kukutana na kuongezea, lakini mti usichukuliwe kuwa ushahidi. Ushahidi ni picha ya karatasi iliyoambatishwa, na pasipo na picha pahesabiwe kuwa patupu.

Kwa familia ambazo masimulizi yao yanaelekea Georgia, Tennessee au North Carolina badala ya Oklahoma, kumbukumbu inayofaa zaidi ni maombi ya Guion Miller. Mahakama ya madai ya Marekani iliwapatia Cherokee wa Mashariki fidia ya zaidi ya dola milioni moja, na kuanzia mwaka 1906 watu walialikwa kuomba sehemu yao. Yaliletwa maombi 45,847 yaliyowahusu watu wapatao 90,000, na waliokubaliwa ni 30,254, wengi wao wakiwa magharibi ya Mississippi na 3,203 tu mashariki. Fomu yake ina maswali mengi kuliko kumbukumbu nyingine yoyote ya Cherokee ninayoifahamu: jina la Kiingereza na la Kicherokee, wazazi, babu na bibi wa pande zote mbili, ndugu, wajomba na mashangazi, na orodha za zamani walimoandikwa. Faharasa yake ipo bure katika Nyaraka za Taifa. Lakini msomaji atazame hesabu hizo vizuri: waliokataliwa ni wengi kuliko waliokubaliwa. Kukuta ombi la babu yako ni ushahidi kwamba alidai kuwa Cherokee; si ushahidi kwamba alikuwa Cherokee. Ombi lenyewe hubaki na thamani kubwa kwa sababu ya majina ya ndugu yaliyomo, hata pale lilipopigwa muhuri wa kukataliwa.

Sasa nizungumzie huduma za kulipia, ambazo sitazitaja kwa majina. Kampuni moja iliyompatia mkwe wangu mti wa ukoo uliokwisha kutengenezwa, kwa ada ya kila mwezi, ilimuunganisha mzee wetu wa kwenye kadi na ukoo wa mmiliki wake, kana kwamba alikuwa mwanawe wa ndoa, kwa sababu tu majina yalilingana. Hapakuwa na karatasi yoyote iliyoambatishwa. Niliwaandikia kuuliza msingi wa jambo hilo na nilijibiwa kwa barua ya kawaida ya shukrani. Mtu asiyeijua kadi angeupokea mti huo na kuuchapisha ukutani, na wajukuu wangeurithi uongo kwa gharama ya baba yao. Hili ni kosa kubwa. Mahusiano ya aina hiyo yalikuwapo kweli katika nyumba za wamiliki, na ndiyo sababu mtu hapaswi kuyabuni pale ambapo hakuna ushahidi nayo.

Kipimo cha DNA mkwe wangu alikifanya akiwa bado Marekani. Kilimpa asilimia ndogo ya asili ya wenyeji wa bara la Amerika, bila kutaja taifa lolote, na kisayansi hakingeweza kutaja. Vipimo hivi hulinganisha chembe zako na za watu waliokwisha kupimwa, na haviwezi kutenganisha Cherokee na jirani yake. Isitoshe, uraia wa Cherokee ni suala la kisheria linalotegemea orodha, na hakuna hata moja kati ya mataifa yale matatu linalopokea matokeo hayo kuwa uthibitisho wa kutokana na Cherokee. Kipimo kinaweza kukukutanisha na binamu aliye hai, na binamu huyo akawa na Biblia ya familia yenye majina ya waliozaliwa na waliofariki. Hilo ndilo jema lake, na si dogo. Lakini anayekinunua ili ajue kama yeye ni Cherokee anapoteza fedha zake. Tahadhari hiyohiyo naitoa kwa anayeuziwa hadithi ya bibi aliyekuwa binti wa mfalme wa Cherokee. Cherokee hawakuwa na wafalme wala mabinti wa kifalme, na mtaalamu anayeanza na hadithi hiyo hastahili malipo.

Kwa anayefanya kazi hii akiwa Tanga, mambo machache ya utendaji. Picha za kadi na majalada ni nzito, na bando la simu huisha upesi ukizifungua moja moja. Ni afadhali kutafuta namba zote kwanza kupitia faharasa, kuziandika kwenye daftari, kisha kwenda mahali penye intaneti ya kasi na kuzipakua kwa pamoja. Steshenari tuliyoitumia Ngamiani ilituchapishia kadi kwenye karatasi ya A3, na hilo nalipendekeza sana, kwa sababu mwandiko wa makarani hausomeki vizuri kwenye kioo cha simu, na maelezo ya pembezoni hukatika katika karatasi ya A4. Kijana wa pale alitusaidia kuongeza weusi wa wino kabla ya kuchapa, akaisoma kadi pamoja nasi mpaka tukaitambua herufi iliyokuwa imetushinda. Anayetaka kupiga simu ofisi za Tahlequah akumbuke kwamba saa mbili asubuhi yao ni saa kumi jioni yetu wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja wakati wa baridi.

Umuhimu wa kuwa na karatasi zenyewe unaonekana zaidi unapofika hatua ya kuomba uraia. Idara ya uandikishaji ya Cherokee Nation haitaki mti wa ukoo; inataka mnyororo wa vyeti kutoka kwa mwombaji hadi kwa mtu mwenye namba ya orodha, kila cheti kikiwa kimethibitishwa na jimbo na kikionyesha jina la mzazi. Mkwe wangu anavyo vya kwake, vya mama yake na vya bibi yake. Kinachosubiriwa ni cheti cha kifo cha yule binti wa miaka mitatu, kinachowataja wazazi wake wawili kwa majina yaleyale yaliyo kwenye kadi, na maombi yake yamekwisha tumwa Oklahoma. Wajukuu zangu, ambao wana vyeti vya kuzaliwa vya Tanzania vinavyomtaja baba yao, wataomba baada yake, na nakala za vyeti vyao nimekwisha zipeleka kwa wakili ili zithibitishwe.